Kianga: Namna Mwanga wa Jua Unavyogeuka Umeme

Nitapandisha sauti kidogo, maana ukumbi huu hauna dari na bati linapiga kelele kwa mvua hii. Aliye nyuma asiponisikia anipungie mkono.

Mhadhara huu umetokana na swali. Mwezi wa Februari jirani yangu mmoja, mama muuza juisi, alinisimamisha njiani. Ana paneli mbili za wati 300 juu ya paa lake, na friza anayogandishia barafu na kupozea juisi ya ukwaju. Mwanawe alimfungia kidhibiti chaji chenye kioo kidogo kinachoandika wati zinazoingia, na mama huyu hukisoma kila siku kama anavyosoma daftari lake la madeni. Akaniambia: "Mwalimu, lipo jambo linanikera. Jua hili la kaskazi, saa sita mchana, kile kioo kinaniandikia 440, kikizidi sana 450. Masika yaliyopita mvua ilikatika mchana, kikatoka kianga, nikaona 610. Vipi jua la kuunguza linatoa kidogo na jua la baridi linatoa kingi? Sola imeharibika, au mie ndiye sijui kusoma?"

Nilimjibu palepale kwamba kusoma anajua, na paneli zake ni nzima. Jibu kamili lilitaka nafasi zaidi ya ile tuliyokuwa nayo kando ya barabara, na ndilo nililokuja nalo leo. Mwenyewe yupo hapa, safu ya pili.

Lugha yetu imelitwika neno jua mzigo mkubwa. Jua ni lile duara la mbinguni, ni mwanga wake, na ni joto lake vilevile. Tukisema jua kali tunasema kwa mpigo mmoja kwamba linaumiza macho na linachoma ngozi. Nadhani matatizo mengi ya sola niliyoyaona kwenye mapaa ya kisiwa hiki cha Unguja yanaanzia hapo. Tumeifanya paneli kama sufuria iliyotegwa juani, tukadhani ikipata moto zaidi itapika umeme zaidi. Vipo vyombo vya namna hiyo, yale matangi na mabomba meusi ya kupashia maji juu ya paa la hoteli. Vile vinakula joto. Paneli iliyopo mezani hapa inakula mwanga, na joto ni adui yake. Lugha hiyohiyo iliyotuchanganya kwa neno jua imetupa pia neno kianga, ule mwanga mweupe unaotoka mvua ikiacha, hewa ikiwa imeoshwa na ardhi bado baridi. Paneli ingekuwa na ulimi, hicho ndicho ingekiomba.

Sasa nikupelekeni ndani yake.

Kitu kinachofanya kazi humu ni silikoni, na silikoni hutoka kwenye mchanga, ila si kila mchanga. Ule mweupe wa Paje na Nungwi ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi. Ni ndugu wa chokaa, hautufai. Unaotakiwa ni wa kwatzi, lile jiwe gumu lenye kung'aa kama kioo. Huchanganywa na kaboni katika tanuri la umeme lenye joto la nyuzi 2000 hivi, oksijeni ikang'olewa, ikabaki silikoni. Baada ya hapo husafishwa tena na tena mpaka uchafu uliomo usifike hata sehemu moja katika milioni. Huyeyushwa upya kwa nyuzi 1,414, kisha kipande kidogo cha fuwele huchovywa juu ya ule uji na kuvutwa polepole huku kikizungushwa, na silikoni ikawa inagandia chini yake mpaka ukapatikana mche mmoja mnene kama gogo. Ufundi huo wa kuvuta fuwele aliugundua Jan Czochralski, mwanasayansi wa Poland, mwaka 1916, wala hakuwa akifikiria jua hata kidogo. Gogo hukatwa vipande vyembamba kama karatasi mbili za daftari zilizobanana. Kila mraba mnaouona chini ya kioo hiki ni kipande kimoja cha namna hiyo, na tunakiita seli. Mkihesabu mtapata seli 36.

Wanaocheza bao watanielewa upesi hapa. Chukueni kete kuwa elektroni, zile chembe ndogo za umeme ambazo zikitembea ndani ya waya tunapata mkondo. Atomi ya silikoni ina elektroni nne za nje, na katika fuwele kila atomi imeshikana na jirani zake wanne kwa kuchangia elektroni hizo. Kila kete imo shimoni mwake, hakuna inayozurura. Kwa hiyo silikoni safi, ikiwa baridi na gizani, karibu haipitishi umeme kabisa. Haiko kama shaba, ambayo ina kete tele zisizo na kwao, wala haiko kama kioo cha dirisha. Iko katikati, na ndiyo maana vitabu huiita nusu kipitishi.

Mafundi wa kiwandani huichezea hali hiyo kwa ujanja. Sehemu kubwa ya kipande huitia chembe chache mno za boroni. Atomi ya boroni ina elektroni tatu za nje badala ya nne, hivyo inapokaa kati ya silikoni huacha shimo moja lisilo na kete. Upande wa juu, kwenye tabaka jembamba kuliko unywele mara mia na zaidi, hutia fosforasi. Hiyo ina elektroni tano. Nne zinashikana na majirani, ya tano haina pa kukaa. Basi kipande kimoja kina upande wenye kete za ziada na upande wenye mashimo matupu.

Pande hizo zinapogusana, kete za ziada zilizo karibu na mpaka huvuka na kuangukia mashimo ya ng'ambo. Mtu angedhani zitavuka zote mpaka mambo yawe sawa. Hazivuki zote, na hapa ndipo ilipo siri ya chombo kizima. Fosforasi iliyokimbiwa na elektroni yake inabaki na chaji chanya. Boroni iliyopokea elektroni isiyo yake inakuwa na chaji hasi. Atomi hizo zenyewe haziwezi kusogea, zimefungwa ndani ya fuwele. Kwa hiyo pale mpakani unajengeka ukuta wa chaji, chanya upande mmoja na hasi upande wa pili, na elektroni nyingine ikijaribu kuvuka inasukumwa irudi ilikotoka. Mpaka umekuwa kama mdomo wa dema. Samaki anapita upande mmoja kwa urahisi, upande wa kurudi zile fito zinamchoma.

Mpaka hapa hakuna umeme. Paneli gizani ina dema lililotegwa, samaki hakuna. Mwanga ndio unaoleta samaki.

Mwanga hauji kama maji ya bomba yasiyokatika. Unakuja kwa vipande, kila kipande kikiwa na nguvu yake, na vipande hivyo tunaviita fotoni. Hoja hiyo aliitoa Albert Einstein mwaka 1905, na ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Watu wengi wanadhani aliipata kwa nadharia yake ya uhusianifu. Fotoni iliyotoka jua hutumia dakika nane na sekunde kadhaa kutufikia. Ikipenya kioo na kuzama ndani ya silikoni huigonga elektroni moja iliyoshikamana na jirani zake, ikaing'oa. Sasa tuna kete huru na shimo lililobaki nyuma yake. Kama hakuna dema, kete ingetangatanga kidogo, ikaangukia shimo lolote, na ile nguvu ingeishia kuwa joto tu. Lakini dema lipo. Kete ikikaribia mpaka husukumwa upande wa fosforasi, na shimo husukumwa upande wa boroni. Mnauliza, shimo linasogeaje nalo ni utupu? Linasogea kama kwenye bao. Ukiitoa kete shimo la tatu ukaijaza la nne, utupu umehama kutoka la nne kwenda la tatu. Kete imekwenda huku, utupu umekwenda kule.

Kete zikirundikana juu na mashimo yakirundikana chini, tumepata volti. Vile vijistari vyembamba vyeupe mnavyoviona juu ya kila seli ni fedha, vimewekwa kuzipokea elektroni. Unganisha waya kutoka kwenye vijistari hivyo, upitishe kwenye taa, kisha uurudishe kwenye bamba la alumini lililo mgongoni mwa seli. Elektroni, ambazo haziwezi kurudi kwa njia ya dema, zinakwenda kwa njia ya waya, zinawasha taa, zinaingia kwa nyuma na kukaa kwenye mashimo yanayozisubiri. Mzunguko umekamilika. Hakuna kilicholiwa, hakuna kilichoungua, hakuna kinachozunguka wala kusagika. Nimefundisha jambo hili miaka mingi na bado linanisisimua. Tumezoea kwamba umeme lazima utoke kwenye kitu kinachonguruma.

Sasa turudi kwa mama na kioo chake. Kuna nauli ya kulipa hapa. Ili elektroni ing'oke kwenye silikoni inahitaji nguvu isiyopungua kiasi fulani, ambacho wanafizikia hukipima kwa elektronivolti, na kwa silikoni ni 1.1 hivi. Fotoni ya mwanga mwekundu inakuja na 1.8. Ya zambarau inakuja na karibu 3.1. Zote zinapanda, lakini gari hili halitoi chenji. Kila fotoni huing'oa elektroni moja, na nguvu iliyozidi nauli inageuka kuwa joto humohumo ndani ya seli. Fotoni za ile miale isiyoonekana, iliyo chini sana ya wekundu, zinakuja na pungufu ya nauli. Hizo zinapita bila kumng'oa mtu, na nyingine zinaishia kuipasha moto paneli. William Shockley na Hans Queisser walipiga hesabu hiyo mwaka 1961 wakaonyesha kwamba seli yenye mpaka mmoja tu haiwezi kuvuka takriban theluthi moja ya nguvu ya jua, hata itengenezwe kwa ustadi wa namna gani. Paneli nzuri za dukani leo hutoa asilimia 20 na kidogo zaidi. Sisemi hivyo kuzidharau. Nasema mjue kwamba sehemu kubwa ya jua linaloingia humu inageuka joto, kwa hiyo paneli inajipasha yenyewe hata kabla bati halijaipasha.

Na joto linafanya nini? Linazitikisa atomi. Kete zinaruka hovyo bila kungoja mwanga, na zile fito za dema zinalegea. Kila seli hupoteza takriban sehemu mbili za elfu za volti moja kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi. Ni kitu kidogo ukikitazama peke yake. Lakini seli ni 36, na paneli iliyolazwa juu ya bati saa sita ya Februari inafika nyuzi 65 bila shida. Kibandiko cha nyuma kimeandikwa kwa seli yenye nyuzi 25, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Tofauti ni nyuzi 40. Zidisheni: karibu volti tatu zimepotea kwenye paneli ya volti 18. Kwa wati, ni kama asilimia 16 imekwenda. Paneli za mama za wati 600 zimeshuka kufika kama 500 kabla hatujahesabu vumbi la kaskazi na ukungu mweupe wa chumvi unaogandia kioo kwa nyumba iliyo karibu na bahari. Hapo 450 si ajabu.

Siku ile ya masika mvua ilikuwa imelipoza bati, imekiosha kioo na imeisafisha hewa. Jua lilipochungulia katikati ya mawingu meupe, mawingu yale nayo yakarudisha mwanga kutoka pembeni, kwa muda mfupi paneli ikapata mwanga zaidi ya ule wa kiwandani. Ndiyo 610 yake. Ingedumu dakika chache tu, lakini aliiona kweli.

Hili lina maana kwa fundi. Nimepita mtaani nikaona paneli zimepigiliwa juu ya bati bila hata nafasi ya kidole. Weka papi mbili chini yake, iinuke kiganja kizima, upepo wa kusi upite. Iinamishe kidogo, nyuzi kumi hivi, mvua iweze kuiosha yenyewe na maji yasituame ukingoni. Na iinamie kaskazini. Sisi tuko kusini ya ikweta nyuzi sita. Jua hupita juu ya vichwa vyetu mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na kati ya hapo, miezi yote ya kusi na kipupwe, liko upande wa kaskazini. Kijana aliyejifunza kwa video za Ulaya ataielekeza kusini, maana kule ndivyo ilivyo sahihi.

Niseme machache juu ya watu waliotufikisha hapa. Mwaka 1839 kijana Mfaransa wa miaka 19, Edmond Becquerel, akifanya majaribio katika maabara ya baba yake, aliona kwamba vipande vya metali vilivyozamishwa kwenye kimiminika hutoa mkondo vikipigwa na mwanga. Mwaka 1883 Charles Fritts wa New York akatengeneza seli za seleni zilizofunikwa kwa dhahabu nyembamba. Zilitoa asilimia moja hivi. Mwaka 1940 Russell Ohl wa maabara za Bell huko Marekani alikuwa na kipande cha silikoni chenye ufa. Alipokimulika, volti ikaruka kuliko alivyotarajia. Ule ufa ulikuwa umetokea pale uchafu wa namna mbili ulipokutana, na mpaka wetu wa dema ukawa umejijenga wenyewe bila kutegwa na mtu.

Ninayempenda zaidi katika habari hii ni Daryl Chapin. Naye alikuwa mtu wa Bell, na kazi aliyopewa ilihusu nchi kama zetu. Kampuni ilitaka chanzo cha umeme kwa mitambo ya simu katika maeneo ya joto na unyevu, ambako betri kavu ziliharibika upesi. Alijaribu seleni ikamshinda. Gerald Pearson, rafiki yake pale kazini, alikuwa na silikoni iliyotengenezwa na Calvin Fuller kwa shughuli nyingine kabisa. Akamwambia aache seleni, ajaribu hii. Tarehe 25 Aprili 1954 walionyesha hadharani seli yenye asilimia sita. Miaka minne baadaye, Machi 1958, seli kama hizo zilipanda angani juu ya satelaiti ya Vanguard 1, na redio yake ikaendelea kusikika mpaka 1964. Kwa miaka mingi zilibaki huko juu, kwa sababu ya bei. Unyevu uliomtuma Chapin kazini ndio huu tunaoufuta kwenye miwani yetu sasa hivi, lakini ilibidi tungoje zaidi ya nusu karne chombo chake kifike kwenye duka la mtaani petu.

Mimi kilinifikia 2008. Mnaokumbuka mtakumbuka: Mei mwaka ule umeme wa waya unaotoka Bara chini ya bahari ulikatika, Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, mpaka Machi 2010. Wenye uwezo walinunua jenereta. Mimi nilinunua paneli moja, na kwa ujinga wangu nikanunua betri ya gari, kwa kuwa muuzaji aliniambia betri ni betri. Miezi saba baadaye ilikuwa haiwashi hata taa moja hadi saa nne za usiku. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, na niliona aibu.

Betri ya gari imeundwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe mara moja. Mabamba yake ya risasi ni membamba na mengi. Ukiinyonya usiku kucha, kila usiku, mabamba hayo yanaganda salfeti na kumomonyoka. Ya sola ina mabamba manene, na hata hiyo isishushwe chini ya nusu ikiwa unataka ikulipie gharama yake kabla hujaizika. Za lithiamu huvumilia kushushwa zaidi na kuishi miaka mingi zaidi, kwa bei kubwa zaidi. Paneli yenyewe haina pa kuweka kitu. Inachokipata sekunde hii inakitoa sekunde hii, na kisipopokelewa kinabaki kuwa joto. Kwa hiyo kwenye nyumba isiyo na waya wa shirika la umeme, betri ndiyo sola ya usiku, na ndiyo inayokufa kwanza. Nikiulizwa fedha chache ziende wapi, husema ziende kwenye betri na kwenye nyaya nene. Waya mwembamba wa spika uliovutwa mita 15 kutoka paani hula volti ambazo jua limekwisha kukupa.

Kidhibiti chaji ndicho kinachokaa kati ya paneli na betri. Kinaizuia betri isijazwe kupita kiasi, kinaufunga mlango usiku mkondo usirudi paani, na vile vya kisasa kama cha mama vinatafuta kila mara pale ambapo volti zikizidishwa kwa ampea zinatoa wati nyingi kabisa. Inveta nayo inachukua mkondo mnyoofu wa betri na kuugeuza uwe mkondo geu wa volti 230, unaokwenda mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde, ili friza na feni vidhani viko kwenye umeme wa kawaida. Mama akinunua inveta nyingine achague inayotoa wimbi laini, maana mota ya friza ikilishwa wimbi la ngazi inanguruma na kupata moto. Na iwe kubwa, kwa sababu mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya inachovuta ikishatulia. Kwa hesabu ya siku nzima: hapa kwetu siku ya wastani ni sawa na saa tano hivi za jua kamili. Wati 600 kwa saa tano ni uniti tatu kwenye karatasi. Mimi ningetegemea mbili na kidogo, na ningepanga biashara kwa hizo mbili.

Limebaki la kivuli, na hili nataka mlione kwa macho. Seli 36 zimeunganishwa mkia kwa kichwa, kila moja ikichangia nusu volti na ushee. Ni kama watu 36 wanaopokezana ndoo kutoka kisimani. Mmoja akiweka mikono nyuma, ndoo hazifiki. Ukuti mmoja wa mnazi ukiangusha kivuli juu ya seli moja, hupotezi sehemu moja ya 36; unaweza kupoteza karibu yote, na ile seli iliyozibwa inageuka mzigo kwa wenzake, inapata moto mpaka inaungua alama ya kahawia. Paneli kubwa huwa na diodi tatu mgongoni za kuzungushia mkondo njia nyingine, zikaokoa theluthi mbili. Hata hivyo ukuti ule ukatwe.

Hayo hayahitaji shahada. Wapo wanawake wa vijiji vya Zanzibar, baadhi yao bibi wenye wajukuu, waliopelekwa Tilonia, katika jimbo la Rajasthan nchini India, kwenye chuo cha Barefoot kilichoanzishwa mwaka 1972. Wengi hawakuwa wamesoma shule, na lugha ya walimu hawakuijua. Walifundishwa kwa rangi za nyaya na kwa mikono, miezi kadhaa, wakarudi wakifunga taa na kutengeneza vidhibiti vilivyoharibika. Baadaye kituo cha chuo hicho kikafunguliwa hapa Unguja. Mwanafunzi wangu anayeweza kuandika fomula yote ya mkondo lakini hajawahi kushika koleo, ningependa akakae nao wiki moja.

Naona bati limenyamaza. Kule mlangoni kumekuwa kweupe. Nilikusudia kueleza kidogo pia juu ya vioo na rangi ya buluu ya seli, lakini kianga hakingoji mtu. Mama, tafadhali, njoo uchukue hii mita. Vijana wawili wabebe paneli, waishike kingo, wasiguse kioo, waitoe uani waiegemeze pale kwenye ngazi. Tutapima volti kwanza, bila mzigo. Natarajia 21 na zaidi kidogo kwa kuwa paneli ni baridi. Kisha tutafunga ile taa, na mtu aweke kiganja juu ya seli moja tu, ya pembeni, muone taa inavyofanya. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Sisi tunakufuata.